Jinsi ya kutambua mabaki ya viwanda kando ya mifereji ya Birmingham kwa ramani za kale na picha za angani: mwongozo kamili

Jamani, mwezi huu peke yake nimetumiwa skrinshoti kumi na kitu za duara moja kwenye ramani, na swali ni lile lile, "hili si ndo tangi la gesi?" Hapana siyo. Mwingine kaandika maelezo marefu kabisa kuhusu kinu cha unga, kumbe ni kiwanda cha kubana vyuma kuwa bati. Mwingine kaona daraja linavuka mfereji, kumbe ni mfereji unavuka mfereji mwenzake.

So nimeamua niandike kila kitu hapa mara moja, nikiulizwa tena natuma linki basi. Historia ya mapinduzi ya viwanda siielezi, hiyo ipo kila mahali. Hapa ni kazi tu: unakaa na ramani, unakaa na picha, unatoka na jibu ambalo hata mtu mbishi hawezi kulibomoa.

Na kosa karibu zote ni moja. Watu wanaanza na jengo. Jengo linadanganya, linabomolewa, linabadilishwa jina, linaongezwa ghorofa. Anza na maji. Maji yakishachimbiwa njia hayahamihami hovyo, na kila mtu aliyetaka makaa ya mawe au kupakia mzigo ilibidi ayafuate yalipo.

Mifano yangu yote ni ya Birmingham na ile wanayoita Black Country (Smethwick, Oldbury, Dudley, mpaka Wolverhampton), maana ndiko ninakotembea na mifereji yake imebanana kama mitaa ya Kariakoo. Njia yenyewe inafanya kazi popote England.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Kompyuta. Simu inawezekana ila utalia, maana unahitaji kuona ramani mbili kwa pamoja.

Ramani za Ordnance Survey (shirika la upimaji ramani la Uingereza), bure, kwenye tovuti ya National Library of Scotland (maps.nls.uk). Ndiyo, ni maktaba ya Scotland lakini wana na za England. Tumia ule ukurasa wa kuweka ramani mbili ubavu kwa ubavu, kushoto ya kale, kulia picha ya setilaiti ya leo. Kishale cha kipanya kinaonekana pande zote mbili sehemu ile ile, hiyo peke yake inamaliza nusu ya kazi.

Picha za angani za kale. Britain from Above wana picha za kampuni ya Aerofilms za 1919 hadi 1953. Jisajili, ni bure, ukijisajili ndo unaweza kuvuta picha karibu. Historic England nao wana mkusanyiko mkubwa mtandaoni, pamoja na picha za jeshi la anga la Uingereza, RAF, za miaka ya 1940.

Google Earth ya kwenye kompyuta, ile yenye kitufe cha kurudi nyuma miaka.

Jedwali, la Excel au la daftari, lenye safu tano: mahali, mwaka wa upimaji, nilichokiona, nadhani ni nini, kwa nini nadhani. Hiyo safu ya tano watu wanairuka, halafu baada ya wiki mbili hawakumbuki walifikiaje jibu.

Na vipimo vitatu vya kukariri. Boti ya mifereji hii ni futi 70 kwa urefu, yaani kama mita 21, na upana futi 7, mita 2 na kidogo. Kwenye ramani ya skeli ya 1:2500 sentimita moja ni mita 25. Kwenye ya inchi sita kwa maili (1:10,560) sentimita moja ni kama mita 105. Boti ndo rula yako, kuliko rula yoyote.

## Hatua ya 1: Kata kipande kifupi

Chukua kilomita moja ya mfereji, basi. Mtandao wa Birmingham ulipokuwa mkubwa kabisa ulifika maili 160, ukianza kuzurura humo utapotea na hutomaliza hata kona moja.

Weka mpaka kwenye kitu kisichohama: loki (zile ngazi za maji za kupandisha na kushusha boti), au daraja la barabara kubwa. Andika majina yake.

*Umefaulu kama* unaweza kumwambia mtu kwa sentensi moja, "natoka loki za Smethwick mpaka daraja la Galton", na yeye akapaona bila kukuuliza tena.

## Hatua ya 2: Tafuta mwaka wa upimaji, achana na mwaka wa kuchapishwa

Hapa ndo wengi wanaanguka bila kujua kama wameanguka. Ramani ina miaka miwili au mitatu: ilipimwa lini, ilirekebishwa lini, ilichapishwa lini. Kati ya kupimwa na kuchapishwa inaweza kupita miaka kadhaa. Kama kiwanda kiliungua katikati hapo, ramani "mpya" inakuonyesha kiwanda ambacho hakipo. Angalia pembeni ya karatasi chini, au kwenye maelezo ya tovuti, halafu andika mwaka wa upimaji au wa marekebisho.

Sasa kuna mtego mwingine ambao hakuna aliyeniambia, nimeugundua kwa kuumia. Ramani hizi zilipimwa kwa kaunti. Zamani Birmingham ilikuwa Warwickshire, Smethwick ilikuwa Staffordshire, Oldbury ikawa Worcestershire. Mfereji ni ule ule mmoja, unatembea saa moja na nusu, lakini umepita kaunti tatu, na kila kaunti ilipimwa miaka yake. Kwa hiyo ukiona reli inaishia ghafla mpakani usianze kusema "reli ilikatwa hapa". Inawezekana karatasi ya jirani ilipimwa kabla reli haijajengwa.

Anza na 1:2500, yaani ile wanaita ya inchi 25. Ya inchi sita ni nzuri kuona picha nzima ila loki nyembamba humo ni milimita mbili tu, utaona nini. Kwa katikati ya mji kuna nyingine za 1:500, hizo zina mpaka nguzo za taa na vyoo vya umma, ukiipata ya eneo lako shukuru Mungu.

*Umefaulu kama* kila karatasi uliyoifungua ina mwaka wa upimaji kwenye jedwali lako.

## Hatua ya 3: Fuata maji kabla hujaangalia jengo hata moja

Funika majengo kichwani mwako. Fuata mstari wa maji tu, taratibu, kutoka mwanzo mpaka mwisho wa kipande chako. Unatafuta sehemu ambazo maji yanafanya kitu cha ajabu.

Tawi linaloingia pembeni. Mfereji mwembamba unaochomoka na kuingia uani kwa mtu, urefu mita 30 au 100 au zaidi, halafu unakufa. Hakuna mtu anachimba vile kwa mapambo, ni gharama. Huo ni mlango wa kiwanda, au gati la makaa. Birmingham yalikuwepo mamia. Pima upana: kama ni mita tatu hivi ni boti moja tu iliyokuwa inaingia, kama ni mita kumi na zaidi hiyo ni bandari ya ndani ya boti kadhaa.

Njia ya farasi inaruka. Boti zilivutwa na farasi, na farasi anahitaji njia kando ya maji. Tawi likiwa upande wa njia ya farasi lazima pawe na kidaraja juu ya mdomo wake, la sivyo farasi anatumbukia. Hicho kidaraja ni dhahabu, maana tawi likishafukiwa kidaraja mara nyingi kinabaki, unakuta njia imepanda mgongo na kushuka bila sababu. Kama upande wa pili hauna njia ya farasi, hutopata kidaraja, na hiyo siyo ushahidi kwamba tawi halikuwepo.

Angalizo: ile njia kuu mpya aliyoichora mhandisi Thomas Telford miaka ya 1820 ina njia za farasi pande zote mbili, kwa hiyo pale vidaraja viko kote.

Kisiwa katikati ya maji. Mfereji mpana, ghafla una kisiwa chembamba katikati, maji yamebanwa pande mbili kiasi cha boti moja moja. Watu wananiandikia "daraja lililobomoka". Hapana. Ni kituo cha ushuru: boti ilibanwa pale, karani akapima imezama kiasi gani, akajua tani ngapi, akadai pesa. Mara nyingine kuna kibanda juu yake.

Kona isiyo na maana. Mfereji umenyooka kama rula, halafu kuna utepe wa maji unaojikunja pembeni, unaondoka na kurudi. Huo uliojikunja ndo mkongwe. Wahandisi wa mwanzo, akina James Brindley, miaka ya 1760 na 1770 walifuata kontua ya ardhi (kimo kile kile, bila kupanda wala kushuka) kukwepa gharama za kuchimba. Telford alipokuja akakata moja kwa moja, safari ya Birmingham mpaka Wolverhampton ikapungua karibu maili 7. Zile kona zilizoachwa hazikufa, zilikuwa tayari zina viwanda. Oozells Street Loop, Icknield Port Loop na Soho Loop zote ni kona za namna hiyo. Kwa hiyo ukitaka viwanda vikongwe nenda kwenye kona, usihangaike na uliyonyooka.

Loki. Zinachorwa na alama ya V ya milango, na ncha ya V inaelekea kwenye maji ya juu. Ukijua hivyo unajua upande upi ni mlimani bila kusoma kimo chochote.

*Umefaulu kama* una orodha ya "vituko" vya maji vitano mpaka kumi na tano kwenye kilomita yako, na bado hujataja kiwanda chochote. Kama una viwili tu, umekimbia. Rudi.

## Hatua ya 4: Sasa soma maandishi, ila kwa wasiwasi

Ukishajua maji yanaingia wapi, ndo soma kimeandikwa nini jirani. Maneno mengi yanajieleza lakini yapo yanayopotosha:

'Mill' hapa siyo lazima unga. Black Country ukikuta 'Rolling Mill' ni mitambo ya kubana chuma au shaba kuwa bati. Huyo ndo ndugu yetu aliyeandika kurasa mbili za ngano.

'Wharf' ni gati, lakini linaweza kuwa uwanja mtupu tu wa kumwaga makaa, usitafute jengo. Ukiona 'W.M.' karibu yake ni mizani ya kupimia mikokoteni, na gati lenye mizani ni gati lililouza kitu kwa uzito, mara nyingi makaa.

'Basin' ni bandari ya ndani. 'Dock' kwenye mifereji hii mara nyingi ni sehemu ya kuundia na kutengenezea boti.

'Old' ndo neno la hatari kuliko yote. 'Old Shaft', 'Old Limekiln', maana yake mpimaji alipofika kilikuwa kimeshakufa. Siyo kwamba ni cha kale na bado kinafanya kazi. Ukiona 'Old Limekiln' kwenye ramani iliyopimwa miaka ya 1880 huwezi kusema tanuri lilikuwa linachoma chokaa mwaka 1900.

Vifupisho: 'Chy' ni bomba la moshi, 'F.B.' daraja la miguu, 'P' pampu, 'B.M.' ni alama ya kimo iliyochongwa ukutani na haihusiani na kiwanda chochote (nimeshatumiwa tafsiri ya "Brick Mill", nikacheka peke yangu kwenye treni).

Na jina la kiwanda linabadilika huku ukuta ni ule ule. Soho Foundry pale Smethwick ilifunguliwa 1796 na Boulton na Watt kutengeneza injini za mvuke, ina mfereji mlangoni. Karne iliyofuata ikielekea mwisho wakaingia watu wa mizani, Avery. Ndiyo, Avery hao hao, kama umewahi kuona mizani ya chuma ya zamani dukani kwa babu imeandikwa jina hilo. Kwa hiyo usiandike "viwanda viwili". Ni uwanja mmoja, wapangaji wawili.

*Umefaulu kama* kila neno ulilolinakili lina mwaka wa upimaji pembeni yake.

## Hatua ya 5: Maduara (soma hii polepole)

Robo tatu ya maswali yangu yanatoka hapa. Duara kwenye ramani kando ya mfereji linaweza kuwa vitu saba tofauti, na dawa ni moja: pima kipenyo, kisha angalia majirani.

Vuta kipimio cha tovuti kutoka ukingo hadi ukingo. Halafu:

Mita 2 mpaka 5, yamepangwa mstari, yamechimbiwa kwenye mteremko: tanuri za chokaa. Zinajazwa kwa juu na kutolewa chini, ndo maana zinapenda kilima, na utaona njia au reli ndogo inapita juu yake. Watu wa pwani tanuu la chokaa mnalijua, ila lile letu la kupanga magogo na matumbawe uwanjani halifanani kabisa na haya ya kujengwa kwa matofali, msitafute umbo lile.

Mita 3 mpaka 10, yamerundikana bila mpangilio ndani ya ua wa majengo: tanuri za vyungu zenye umbo la chupa. Haya zaidi ni Stoke-on-Trent, kando ya mfereji wa Trent and Mersey, Birmingham ni nadra. Ukiyaona Birmingham jiulize mara mbili.

Karibu mita 15 mpaka 20, moja au mawili, jengo limeyazunguka: mnara wa kuyeyushia vioo. Wa kujifunzia ni Red House pale Wordsley, kando ya mfereji wa Stourbridge, umejengwa mwishoni mwa karne ya 18 na bado umesimama, kimo chake kama mita 30. Nenda kauangalie kwenye ramani ya kale, halafu kwenye picha ya angani, halafu setilaiti. Ukishaona kitu kimoja kwa macho matatu hivyo hutosahau.

Mita 20 na kuendelea, duara safi, mara nyingi mawili au zaidi ya ukubwa tofauti: hapo sawa, matangi ya gesi. Yatakuwa na neno 'Gasometer' na jirani kutakuwa na jengo refu la kuchomea makaa, na tawi la mfereji au reli ya kuleta makaa hayo. Tangi la gesi bila njia ya makaa silikubali.

Mita 12 mpaka 20, na reli zinaingia ndani ya duara: meza ya kugeuzia treni. Fuata reli utajua.

Duara dogo la mita 1 au 2 lenye 'Shaft': shimo la mgodi wa makaa.

Na la saba, ambalo ndo lile mnalonitumia kila siku. Pale Sheepcote Street kuna jengo la duara ambalo halijafunga, kama kwato ya farasi. Siyo gesi! Ni Roundhouse, halmashauri ya mji ilijenga mwaka 1874 kwa ajili ya maghala na mazizi ya farasi wake. Liko kati ya reli na mfereji kwa hiyo watu wanaona "mviringo + viwanda" wanaruka kwenye gesi. Angalia vizuri: lina ukuta wa ndani na wa nje, katikati ni uwanja wazi. Tangi la gesi halina uwanja katikati. Lipo mpaka leo.

*Umefaulu kama* umeandika kipenyo kwa mita kabla ya kuandika jina. Duara bila kipenyo sijibu tena, samahani.

## Hatua ya 6: Ingia kwenye picha za angani

Picha ziko aina mbili. Zilizopigwa wima, kamera ikiangalia chini moja kwa moja, unaweza kupima. Zilizopigwa kwa ubavu, kama nyingi za Aerofilms, ni tamu kuangalia na unaona kuta na madirisha lakini usipime umbali mrefu humo, maana vya mbali vimesinyaa.

Kwanza jielekeze. Tafuta kona ya mfereji au daraja ambalo unalo tayari kwenye ramani, ligeuze kichwani mpaka likae sawa. Kanisa lenye mnara husaidia sana.

Pili, vivuli. Sisi tuliokulia Dar jua mara liko kusini mara kaskazini kutegemea mwezi, huku mchana liko kusini mwaka mzima. Kwa hiyo kivuli cha adhuhuri kinaelekea kaskazini. Kwenye picha ya wima bomba la moshi lenyewe ni nukta tu, ila kivuli chake ni mstari mrefu mwembamba umelala juu ya mapaa. Hesabu vivuli, usihesabu mabomba.

Tatu, mapaa. Paa la meno ya msumeno, safu safu, ni karakana iliyotaka mwanga wa kaskazini. Paa refu moja lenye matundu ya hewa juu kabisa kwenye kilele ni sehemu yenye moto ndani, foundri (karakana ya kuyeyusha na kumimina chuma) au tanuri. Paa linalopita juu ya maji ni la kushushia mzigo mvua isiharibu. Kwenye ramani ya 1:2500 paa lisilo na kuta linachorwa kwa vistari vilivyokatika, hapo linganisha.

Ukikuta paa la hivyo, maji upande mmoja na reli upande wa pili, umepata kituo cha kuhamishia mizigo kati ya boti na treni. Watu wanadhani reli ilikuja ikaua mifereji siku hiyo hiyo. Huku kampuni za reli zenyewe zilijenga hivi vituo, boti zikawa zinasambaza mizigo viwandani ambako treni haifiki.

Nne, boti. Tafuta boti imeegeshwa, ni mita 21, umepata skeli ya sehemu ile ya picha.

Maonyo mawili. Picha ni nyeusi na nyeupe, rundo jeupe linaweza kuwa chokaa, chumvi, mchanga au ni mwanga tu umepiga, kwa hiyo andika "rundo la rangi nyepesi" uishie hapo. Na maji yenyewe yanaweza kuwa meusi tii au meupe kabisa kutegemea jua limepiga wapi, nimewahi kumwona mtu kafuata barabara ya lami nusu kilomita akiita mfereji.

*Umefaulu kama* vituko vyako vya Hatua ya 3 angalau nusu umeviona kwenye picha, na umeandika mwaka wa picha.

## Hatua ya 7: Panga miaka, ona kilichozaliwa na kilichokufa

Chukua kituko kimoja kimoja, pitisha kwenye ramani zote na picha zote kwa mpangilio wa miaka. Usiandike "kilijengwa 1890". Andika "hakipo 1880s, kipo 1900s". Ulichonacho ni dirisha la miaka, tarehe kamili huna, na mtu yeyote anayejua kazi atakuheshimu zaidi kwa kusema hivyo.

Tawi lililofukiwa linaacha kivuli chake kwenye mipaka ya viwanja. Tafuta maegesho ya magari marefu membamba kama soseji, au uchochoro unaokutana na mfereji kwa pembe isiyofanana na mitaa mingine. Weka ramani ya kale juu, sogeza kile kitelezi cha uwazi taratibu. Vikikaa sawasawa, ndo lenyewe.

Kwa maeneo ya wazi washa leya ya LIDAR hapo hapo kwenye tovuti, inaonyesha umbo la ardhi bila miti. Na kwenye Google Earth tafuta picha za kiangazi kikali kama cha 2018, majani juu ya msingi wa matofali hukauka mapema kuliko mengine, unaona ukuta umejichora wenyewe.

## Mfano: Smethwick, pale kila mtu anapopotea

Fungua Smethwick kwenye 1:2500. Utaona mifereji miwili sambamba. Mmoja unayumba na una loki tatu, huo ndo wa zamani, uko juu kama mita 6 ukishapanda loki zote. Wa pili umenyooka na hauna loki, huo wa Telford, na magharibi kidogo unaingia kwenye bonde alilochimba, ambako daraja la Galton la mwaka 1829 linapita juu.

Sasa kuna tawi linatoka kwenye ule wa zamani, linavuka juu ya ule mpya, linaenda upande wa pili. Maji juu ya maji. Siyo kosa la mchoraji. Ni Engine Arm, na limepita kwenye daraja la maji la chuma. Kazi yake kubwa kuleta maji kutoka bwawa la Edgbaston.

Jina linasema injini (ya mvuke, ya kupandisha maji juu ya loki), kwa hiyo watu wanatafuta nyumba ya injini, wanaona jengo la matofali la pampu karibu na Brasshouse Lane, wanaandika "hii ndo injini ya Watt ya 1779". Rudi Hatua ya 7! Pitisha jengo hilo kwenye ramani za miaka ya 1880: halipo. Kwenye zilizofuata: lipo. Hiyo ni pampu mpya ya 1892. Injini ya 1779 ilikuwa kwenye nyumba nyingine jirani na zile loki, nyumba imebomolewa, injini yenyewe iko makumbusho ya Thinktank Birmingham. Jengo limesimama, zuri, limekudanganya. Ungeanza na maji na miaka lisingekupata.

## Hatua ya 8: Nenda na miguu

Kama uko huku, chapisha kipande chako cha ramani uende. Njia za farasi ni za kutembea bure. Usiende peke yako jioni kwenye vipande vya chini ya madaraja marefu, usiruke uzio wa kiwanda kilichofungwa hata kama mlango uko wazi, na majira ya baridi matofali ya ukingoni yanateleza kama yamepakwa mafuta.

Kwenye kila mdomo wa tawi uliouandika, angalia mambo matatu: njia imepanda mgongo? Ukuta wa pembeni una tao lililozibwa kwa matofali ya rangi tofauti? Na kwenye kona za madaraja kuna mifereji midogo imelika kwenye chuma au jiwe? Hiyo ni mikwaruzo ya kamba, miaka na miaka ya farasi wakivuta kamba yenye mchanga na maji. Angalia imelika zaidi upande upi, piga picha na sarafu au kidole pembeni kwa ajili ya kipimo, na kabla hujarudisha simu mfukoni andika umesimama ukiangalia upande gani.